Mwaloni wa Ulaya au wa Amerika: uuchague upi, na kwa kazi gani

Mtu akiambiwa "hii ni mbao ya mwaloni" huridhika papo hapo, maana jina lenyewe lina heshima yake. Lakini jina hilo limebeba spishi zaidi ya 400, na mbili kati ya hizo zaweza kutofautiana kama ndoo nzima na ndoo iliyotoboka. Sitii chumvi. Kuna mwaloni unaotunza divai ndani ya pipa kwa miaka bila kuvuja, na kuna mwingine ambao ukitumbukiza ncha ya kipande chake majini kisha ukapuliza ncha ya pili, mapovu hutoka. Yote miwili ni mwaloni, na isiposemwa ni upi, mnunuzi hubaki akibahatisha.

Hapa nailinganisha mialoni ya Ulaya na ile ya mashariki ya Amerika Kaskazini. Si kwamba kwingine hakuna: Meksiko peke yake ina spishi zipatazo 160, na China inakaribia 100. Ila mtu anayenunua mbao za sakafu, pipa au mche wa kupanda, mara nyingi atakuwa anachagua kati ya kanda hizi mbili.

Mpaka haupo baharini

Wengi huanza kwa kuuliza: wa Ulaya au wa Amerika? Mimi nasema swali hilo ni la pili. La kwanza ni la ukoo: mweupe au mwekundu?

Mialoni ya Amerika Kaskazini imegawanyika katika koo mbili kubwa. Ukoo mweupe unaongozwa na Quercus alba, na ukoo mwekundu unaongozwa na Quercus rubra. Ukoo mwekundu ni wa mabara ya Amerika pekee, kwa asili haupatikani Ulaya wala Asia. Miti miwili mikuu ya Ulaya, Quercus robur na Quercus petraea, yote iko upande wa ukoo mweupe. Kwa hiyo mwaloni mweupe wa Virginia ni ndugu wa karibu zaidi wa mwaloni wa Ufaransa kuliko alivyo jirani yake mwekundu anayeota hatua kumi kutoka hapo. Ukilishika hilo, mambo mengi yanayowachanganya wanunuzi yananyooka.

Mti ukiwa bado umesimama, kuutambua ukoo wake ni kazi rahisi. Tazama majani. Ya ukoo mweupe, na ya hao wawili wa Ulaya, yana kingo zenye mawimbi ya mviringo, kama mtu aliyezunguka vidole vyake kwa penseli. Ya ukoo mwekundu yana ncha kali, na kila ncha imemalizikia kwa unywele mdogo mgumu. Matunda nayo husema: ya ukoo mweupe hukomaa msimu uleule yalipotunga, ilhali ya Quercus rubra huchukua misimu miwili.

Kwenye mbao ndipo penye utamu wake. Kata kipande kifupi kwa kisu kikali sana, halafu tazama ule upande wa mkato, pale zinapokomea nyuzi. Utaona mistari ya vitundu, mstari mmoja kwa kila mwaka. Hivyo ni vinywa vya mirija iliyokuwa ikipandisha maji. Katika mwaloni mwekundu vitundu hivyo viko wazi, unaweza karibu kupitisha unywele. Katika mwaloni mweupe uliokomaa utaona kama kuna povu kavu linalong'aa limeziba ndani yake. Ni mti wenyewe umeziziba njia zake za zamani kadiri mbao ilivyogeuka kuwa kiini, yaani sehemu ngumu ya ndani ya shina. Kile kitendo kidogo cha mti kujiziba ndicho kinachoamua kama mbao itashika maji au itayapitisha, kama itaoza mapema au itachelewa.

Alama nyingine ni miale. Geuza ubao utazame uso wake mpana, utafute mistari mifupi ya rangi iliyokolea inayofuata urefu wa ubao. Katika mwaloni mwekundu mingi haifikii urefu wa sentimita 2 au 3. Katika mweupe hurefuka zaidi ya hapo. Rangi isikudanganye. Nimeona mwaloni "mwekundu" uliopauka kama majani makavu, na "mweupe" wenye wekundu kwa mbali. Majina haya ni ya ukoo, usiyategemee kama maelezo ya rangi ya ubao ulio mbele yako.

Wale wawili wa Ulaya

Kabla hatujavuka bahari, niwatenganishe hawa, maana wauzaji huwachanganya chini ya jina moja. Quercus robur hubeba matunda yake kwenye vikonyo virefu, na jani lake karibu halina kikonyo. Quercus petraea ni kinyume: tunda limekalia tawi moja kwa moja, jani ndilo lenye kikonyo. Ukisahau yote, kumbuka hilo la kupishana.

Robur hupenda mabonde, udongo mzito wa mfinyanzi, hata penye unyevunyevu. Petraea hupenda miinuko, udongo usiotuamisha maji. Ukiwa mahali pake robur hutanuka, matawi mazito yanakwenda upande. Petraea huelekea kunyooka zaidi, na katika misitu iliyotunzwa kwa kusongamanisha miti hutoa magogo marefu yasiyo na vifundo. Miti hii pia huzaliana, kwa hiyo usishangae ukikuta mmoja wenye dalili za pande zote mbili.

Uzito, ugumu na kunywea

Mbao iliyokauka ya Quercus alba ina uzito wa takriban kilo 750 kwa mita moja ya ujazo. Petraea na mwekundu wa Amerika wako karibu na kilo 700, robur hushuka kidogo. Kwa kipimo cha Janka, yaani nguvu inayotakiwa kuzamisha gololi ya chuma hadi nusu yake ndani ya mbao, mwaloni mweupe wa Amerika hufika kama pauni 1,350, mwekundu 1,290, na wa Ulaya karibu 1,120.

Je, tofauti hizo zinakuhusu? Kwa meza, kabati, mlango wa ndani, hapana. Kwa sakafu inayopitiwa na watu wengi kila siku, kidogo. Ningekushauri usimlipe mtu zaidi kwa sababu ya ugumu peke yake, maana mti ulioota haraka na ule ulioota polepole, hata wa spishi moja, wanaweza kuachana zaidi ya tofauti hizo. Mwaloni una tabia yake hapa: pete zake za mwaka zikiwa pana, mbao huwa nzito na ngumu zaidi, zikibanana sana, huwa nyepesi na laini, rahisi kuchongeka. Wachongaji wa Ulaya wamependa hizo laini tangu zamani.

Kinachostahili kuangaliwa ni kunywea. Mwaloni mweupe wa Amerika ukikauka kutoka ubichi hadi ukavu kabisa hupungua karibu asilimia 10.5 kwa upande unaofuata mzunguko wa pete, na 5.6 kwa upande unaotoka kiini kwenda nje. Mwekundu hupungua asilimia 8.6 na 4.0. Ina maana mwekundu hutulia zaidi hewa inapobadilika kati ya ukavu na unyevu. Hili mara nyingi husahaulika pale mwekundu unapodharauliwa. Vilevile mbao iliyopasuliwa kufuata miale, kutoka kiini kwenda nje, hupinda kidogo kuliko iliyopasuliwa ovyo, na juu ya hayo hukuonyesha ile miale ikimetameta kama magamba ya samaki. Kama fedha yako inatosha kwa jambo moja tu la ziada, weka kwenye upasuaji huo kabla ya kufikiria bara.

Ndani ya nyumba, nje ya nyumba

Kwa samani na sakafu za ndani, mwaloni mwekundu ni chaguo zuri kabisa, na mara nyingi ndio wenye bei nafuu. Una mistari iliyo wazi, hupokea rangi vizuri mno kwa sababu ya hivyo vitundu. Shida ni kama unataka uso laini kama kioo: itakubidi ujaze vitundu kwanza, au sivyo vitaonekana chini ya vanishi. Mwaloni wa Ulaya una kahawia ya asali na utulivu fulani machoni ambao mimi nauona ni mzuri kuliko wote ukipakwa mafuta tu.

Nje ya nyumba hakuna mjadala. Usitumie mwaloni mwekundu kwa benchi la bustani, nguzo, kizingiti cha mlango wala chombo cha maji. Maji hupanda kwenye mirija yake wazi kama kwenye utambi, na kuvu hufuata nyuma. Mweupe wa Amerika na wale wawili wa Ulaya hustahimili. Hata hao, sehemu inayostahimili ni kiini tu; ule ukanda mweupe ulio karibu na ganda huoza upesi katika mialoni yote bila kuchagua ukoo. Ukikagua mbao za nje, tafuta ukanda huo pembeni ya ubao, na kama upo, ukatae ubao au ukate ukanda.

Na misumari. Mialoni yote ina tanini nyingi, ile kemikali chungu inayokausha ulimi, na tanini ikikutana na chuma penye unyevu hutoa doa jeusi lisilotoka. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Nililipuuza hili mara moja kwenye mfuniko wa sanduku, na kila msumari ukaacha alama kama tone la wino uliomwagika. Kwa kweli ulikuwa wino: kwa karne nyingi wino wa kuandikia Ulaya ulipikwa kwa tanini ya vivimbe vya mwaloni pamoja na chumvi ya chuma.

Historia nayo imeshuhudia nguvu za pande zote. Meli ya vita ya Uingereza, HMS Victory, iliyoshushwa majini mwaka 1765, ilimeza miti ipatayo 6,000, na sehemu kubwa kabisa ilikuwa mialoni. Ng'ambo, USS Constitution ilishuka majini mwaka 1797 ikiwa na mbao za mwaloni mweupe juu ya mbavu za Quercus virginiana, mwaloni wa kusini usiopukutisha majani, ambao kwa kipimo kilekile cha Janka hufika karibu 2,680. Mwaka 1812, katika pambano na HMS Guerriere, mabaharia waliona risasi za mizinga zikigonga ubavu wa meli na kurudi, na hapo ikapewa jina la utani la Ubavu wa Chuma. Na baada ya paa la kanisa la Notre-Dame mjini Paris kuungua tarehe 15 Aprili 2019, mafundi walilirudisha kwa mialoni ya Ufaransa zaidi ya 1,000, mingi ikichongwa ingali mibichi kwa shoka za mkono, hadi kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024.

Pipa

Hapa ndipo bara lenyewe linaanza kuwa na maana, kwa sababu ukoo sasa ni mmoja. Mwekundu hauingii kwenye shindano, ungevuja.

Mwaloni mweupe wa Amerika umejiziba mirija vizuri kiasi kwamba fundi wa mapipa anaweza kuupasua kwa msumeno na pipa lisivuje. Mwaloni wa Ufaransa haujazibika kiasi hicho. Lazima upasuliwe kwa kufuata nyuzi zake, kama mtu anavyochanja kuni, ili hakuna mrija utakaokatwa ukafungua njia kutoka ndani hadi nje ya pipa. Gogo likipasuliwa hivyo, sehemu kubwa hupotea, na mapipa yanayopatikana huwa karibu nusu ya yale ambayo msumeno ungetoa. Hicho ndicho chanzo kikuu cha pipa la Ufaransa kuwa ghali zaidi, kabla hujafika kwenye ladha.

Ladha yenyewe ni hivi. Mweupe wa Amerika una laktoni nyingi zaidi, kemikali inayonukia nazi, na ukichomwa kwa ndani hutoa vanila na utamu ulio wazi. Mialoni ya Ulaya ina tanini nyingi zaidi, na ladha yake inaingia taratibu, yenye viungo, yenye kushika ulimi. Kati ya wale wawili, robur ndiyo yenye tanini kali na harufu ndogo. Petraea ina harufu nzuri zaidi, ndiyo maana waunda divai huitafuta. Msitu wa Tronçais, katikati ya Ufaransa, ni maarufu kwa petraea yake. Misitu hiyo ilipangwa upya tangu miaka ya 1670 chini ya Colbert, waziri wa mfalme Louis XIV, kwa nia ya kuipatia Ufaransa mbao za meli za vita. Miti iliyotunzwa kwa ajili ya mizinga ikaishia kutunza divai.

Kwa anayechagua: kinywaji chenye mwili mzito na tunda lililoiva sana huubeba mwaloni wa Amerika bila kufunikwa. Kinywaji chepesi, chenye harufu za hila, kitamezwa nao, mpe Ufaransa. Kwa bourbon, wiski ya Marekani, uchaguzi ni mdogo, kwa kuwa sheria ya Marekani inadai chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa kwa ndani, na viwanda hutumia mweupe wa kwao. Pipa likishatumika mara moja haliwezi kurudia kazi hiyo, kwa hiyo mengi huvuka bahari kwenda Scotland, ambako wiski hukaa ndani yake angalau miaka mitatu.

Ukitaka kupanda

Huu ndio uamuzi mzito kuliko yote, maana ubao mbaya utautupa, lakini mwaloni utakuwepo wajukuu wako wakiwa wazee. Mwaloni mweupe ulioitwa Wye Oak, huko Maryland, ulikadiriwa kuwa na miaka 460 hivi dhoruba ilipouangusha tarehe 6 Juni 2002. Major Oak wa Sherwood, Uingereza, ambao ni robur, hukadiriwa miaka 800 hadi 1,000.

Anayetaka kivuli upesi atavutwa na mwekundu wa Amerika. Ukiwa mchanga na mahali panapoufaa huweza kuongeza sentimita 60 kwa mwaka, na majani yake hugeuka mekundu ya kupendeza kabla ya kupukutika, wakati robur na petraea huishia kwenye kahawia tu. Lakini usiupande penye udongo wa chokaa. Majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa sababu mti unashindwa kufyonza madini ya chuma. Ndugu yake Quercus palustris huteseka zaidi kwa hilo. Penye chokaa, robur hustahimili vizuri zaidi, na kwa upande wa Amerika kuna Quercus macrocarpa, mti mgumu wa mbugani wenye ganda nene linalohimili moto.

Upo ugonjwa unaopaswa kukushtua. Unaletwa na kuvu aitwaye Bretziella fagacearum, na unasumbua Amerika Kaskazini. Hunyausha mialoni. Ukoo mwekundu ukipatwa, mti mkubwa wenye afya huweza kufa ndani ya wiki chache. Ukoo mweupe wa Amerika huchelewa, na mara nyingine hupona. Tena ni suala la mirija: mti mwekundu hauna vizibo vya kumzuia adui kusafiri. Ulaya ugonjwa huo haujaingia, na masharti makali yamewekwa kwa magogo yatokayo Marekani ili usiingie. Ukiwa katika eneo lenye ugonjwa huu, usipogoe mwaloni majira ya kuchipua wala mwanzoni mwa kiangazi, kwa kuwa wadudu wanaoubeba huvutwa na harufu ya jeraha bichi. Ulaya ina adha zake: ukungu mweupe wa majani uliopo tangu mwaka 1907 hivi, na viwavi wanaotembea kwa msururu, wenye nywele zinazowasha ngozi na kubana kifua. Usipande mwaloni juu ya uwanja wa watoto pale viwavi hao walipo.

Nina jambo moja ambalo kwangu linapita uzuri wa majani. Mwaloni hulisha. Nchini Uingereza watafiti wameorodhesha viumbe 2,300 wanaohusiana na mialoni ya asili, na 326 kati yao hawapatikani kwenye mti mwingine wowote. Mti wa kigeni haubebi jamii hiyo. Mwekundu wa Amerika umepandwa sana Ulaya, Ujerumani ikiwemo, na katika nchi kama Poland na Ubelgiji sasa unahesabiwa miongoni mwa miti vamizi; kivuli chake na majani yake yasiyooza upesi huinyima nafasi mimea ya chini. Kwa hiyo ukiwa Ulaya panda robur au petraea. Ukiwa mashariki ya Amerika panda alba, hata kama ni polepole. Ukiwa nje ya kanda zote mbili, tafuta kwanza kama nchi yako ina mti wake wa asili unaofanya kazi hiyohiyo.

Kuna mwaloni mmoja wa Ulaya usio na mwenziwe ng'ambo: Quercus suber, wa eneo la Mediterania, ambao ganda lake hutoa vizibo vya chupa. Haukatwi. Huvuliwa ganda kila baada ya miaka 9, kuanzia unapofika miaka 25 hivi, na ni ganda la uvunaji wa tatu ndilo huanza kufaa kwa vizibo. Ureno hutoa karibu nusu ya ganda lote duniani. Ni mti wa anayepanda kwa ajili ya mtoto wake.

Umekwisha kuchagua, una matunda mkononi? Yatie majini, yanayoelea yatupe, mara nyingi yameliwa ndani na funza. Kisha fuata ukoo. Matunda ya ukoo mweupe, pamoja na ya Ulaya, huota mzizi vuli ileile yalipoanguka, kwa hiyo yafukie siku hizohizo, yakikauka yanakufa. Ya ukoo mwekundu hungoja: yanahitaji kupitia baridi yenye unyevu kwa mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kuota. Kindi wa Amerika wanalijua hilo. Wakiokota tunda la mwaloni mwekundu hulizika kama akiba. Wakiokota la mweupe, hulila hapohapo, au kabla ya kulizika hung'ata ncha yake na kuua kiinitete, lisije likaota wakiwa bado hawajalirudia. Wewe ukitaka kulihifadhi ili ulioteshe baadaye, usilitoboe. Lifunge kwenye mchanga wenye unyevu, uweke mahali pa baridi pasipoganda, na kila wiki ulichungulie.